Mama Mavi na Minyoo Waliogoma Kufa

Waliomwita Bibi Maabara, kwa heshima zote, walikuwa wawili tu: mama yake mzazi, na mlinzi wa getini ambaye mbuzi wake aliwahi kunusurika chupuchupu kwa msaada wake. Wengine wote, kuanzia daktari mkuu wa mifugo hadi wauza majani ya ng'ombe, walimwita Mama Mavi, naye aliitika bila kinyongo. Angekataaje? Miaka ishirini na sita alikuwa amesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa kupokea mavi ya mbuzi na kondoo, kuyapima, kuyaponda, na kuhesabu mayai ya minyoo yaliyojificha humo.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mifugo. Kulikuwa na dirisha lisilofungika, meza ya saruji, hadubini iliyomzidi umri kifungua mimba wake, na jokofu lililobandikwa karatasi: USIWEKE CHAKULA. Daktari mkuu aliwahi kuipuuza karatasi hiyo mara moja tu. Mama Mavi alikuwa akichukua gramu chache za mavi, akizivuruga kwenye maji yaliyokolea chumvi, akizichuja kwa chujio la chai ambalo halikuwahi kuonja chai, kisha akijaza maji yale kwenye kioo chenye mistari. Yai la mnyoo ni jepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hupanda juu likaelea. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Mama Mavi alisema ukiona vyaelea, mbuzi wako ana wageni.

Kazi hiyo aliipenda kweli, ingawa hakumwambia mtu. Asichokipenda kilikuwa shemeji yake.

Shemeji huyu, mume wa mdogo wake, aliuza dawa za mifugo sokoni, na watu walimpachika jina la Sindano ingawa yeye mwenyewe akiiona sindano miguu ilimlegea. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kujitambulisha, Mama Mavi alimnyooshea mkono amsalimu. Sindano aliusogeza wake, akausimamisha njiani, akauliza mbele ya wazee wote, "Shemeji, umenawa?" Watu wakavunjika mbavu. Utani huo alikuja kuurudia kila walipokutana kwa miaka kumi na minane, msibani na hospitalini, na hata siku mke wake alipojifungua na wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni na machozi yakiwalengalenga. Mama Mavi alicheka kila mara, kama inavyompasa mtu mzima, na kila mara aliweka akiba moyoni.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyosahau kwao. Majani yakasitawi, na minyoo nao wakasitawi, maana watoto wao hupanda kwenye majani mabichi wakasubiri mdomo wa mbuzi. Mnyoo aliyekuwa akisumbua ni yule mwembamba anayenyonya damu tumboni, mwekundu na mweupe kama kamba iliyosokotwa. Mbuzi wa ushirika wa wafugaji wakaanza kufifia. Ukifunua kope, ndani peupe kama karatasi. Chini ya taya wakavimba mfuko wa maji. Wafugaji wakafanya walichozoea kufanya: wakanunua dawa ya minyoo kwa Sindano, wakawanywesha. Mbuzi wakafa vilevile, tena na dawa yao tumboni.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa mama mmoja mstaafu aliyefundisha hesabu miaka mingi, na hadi leo watu wazima wenye mvi humwita Mwalimu na kuficha sigara wakimwona. Mwalimu alipopoteza mbuzi wa saba hakupiga kelele. Alimpakia kwenye toroli, akalisukuma mwenyewe hadi sokoni, akaliegesha mlangoni pa duka la Sindano, akakaa kando yake kwenye kigoda akifuma fulana ya mjukuu. Mteja aliyetaka kuingia alilazimika kumruka mbuzi. Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa na jibu: Sindano anachanganya dawa na maji ya chokaa. Mchana uongozi wa soko ukalipiga duka kufuli mpaka uchunguzi ukamilike, na daktari mkuu akamkabidhi Mama Mavi uchunguzi huo.

Jioni yake mdogo wake alikuja akilia.

"Dada, mume wangu unamjua. Ana mdomo mchafu, lakini mwizi si yeye."

Mama Mavi alimfuta machozi, akamwambia ukweli utajulikana. Alikuwa na maana kwamba Sindano atafungwa. Usiku ule alilala usingizi mtamu kuliko wowote aliowahi kulala tangu apate kazi, na kabla hajalala vizuri alikuwa ameshatunga kichwani sentensi ya kwanza ya ripoti.

Alianza na dawa. Alichukua chupa sita kutoka duka lile, akazifunga kwa lakiri, akazipeleka kwa mkemia wa serikali. Wiki ya pili majibu yakaja: dawa ni halisi, nguvu yake kamili, haikuchanganywa na chochote. Mama Mavi aliisoma karatasi ile mara tatu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. Akatuma chupa nyingine sita. Majibu yakarudi yaleyale, na safari hii mkemia aliongeza chini kwa mkono wake kwamba anaomba wasitume tena.

Basi, akawaza, wafugaji wenyewe ndio wanaopunja dozi. Alijua wanavyofanya: mbuzi anakadiriwa uzito kwa macho, chupa inavutwavutwa ifike mbuzi wa mwisho. Akaazima mizani ya kuning'iniza, akachagua mbuzi thelathini wa ushirika, akampima kila mmoja, akampa dawa kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Beberu mmoja alimtemea dozi nzima usoni, akaanza upya. Mwingine alikula ukurasa wa daftari lenye uzito wa wenzake. Alihesabu mayai kabla ya dawa, akasubiri siku kumi na nne, akahesabu tena.

Kwa dawa inayofanya kazi, aliyekuwa na mayai elfu tatu kwa gramu angepaswa kubaki na sifuri, au karibu na sifuri. Alikuta elfu mbili na mia saba. Akafuta miwani. Akachukua mavi ya mbuzi wa pili, wa tatu, wa kumi. Ilikuwa kama minyoo wamenyweshwa soda. Mama Mavi alikaa kwenye kigoda chake cha chuma mpaka jua likahama dirishani. Kwa mara ya kwanza katika uchunguzi ule alijisikia vibaya, na kilichomuuma, kusema kweli, si mbuzi. Sindano alikuwa anaponyoka.

Alimpigia simu msomi mmoja wa jeni wa chuo kikuu, mwanamke aliyewahi kuwafundisha kozi ya siku tatu, mpole, mwenye kicheko cha kukohoa. Msomi alimwelekeza jinsi ya kuyaangua mayai kwenye mavi yenye unyevunyevu na kumtumia viluwiluwi wanaotoka humo. Kifurushi kiliandikwa "sampuli", maana mtu wa basi alipoambiwa kilichomo mara ya kwanza alikataa kukipakia. Baada ya mwezi msomi hakutuma barua. Alikuja mwenyewe, akavuta kigoda, akaweka bahasha mezani bila kuifungua.

"Kabla sijakuonyesha," alisema, "hii dawa inamuuaje mnyoo?"

"Anainywa, anakufa."

"Anakufa kwa sababu gani?"

 Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza Mama Mavi hilo, wala yeye hakuwahi kujiuliza.

Msomi akamweleza polepole, akichora nyuma ya bahasha. Kila seli, alisema, iwe ya mnyoo, ya mbuzi au ya mtu, ina vibomba vyembamba ndani yake, ambavyo wasomi huviita mikrotubuli. Ndivyo nguzo zinazoishikilia seli isiporomoke. Ndivyo barabara ambamo mizigo hupitishwa kutoka upande huu hadi ule. Seli ikitaka kugawanyika kuwa mbili, ndivyo vinavyouvuta urithi kila nusu upande wake, kama ndugu wanaogombea shuka. Vibomba hivyo hujengwa kwa matofali ya protini iitwayo tubulini, ya aina mbili, alfa na beta, yanayoshikana mawilimawili kama mume na mke kisha yakapangwa safu kwa safu kuzunguka tundu katikati. Na havitulii. Ncha moja matofali yanaongezwa, ncha nyingine yanabomoka, kutwa kucha, kama kazi ya barabara ya halmashauri.

"Ila hii inakamilika," Mama Mavi alisema.

"Hii inakamilika," msomi alikubali. Dawa, aliendelea, inakwenda kunata kwenye tofali la beta. Likishanatwa halijengeki. Vibomba vinaendelea kubomoka na hakuna vipya, utumbo wa mnyoo unashindwa kusafirisha chakula, naye anakufa njaa akiwa amezama kwenye damu ya mbuzi. Mbuzi hafi kwa sababu tofali lake lina umbo tofauti kidogo, dawa hainati sana. Lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno. Tubulini ya mnyoo, ya mbuzi na ya binadamu zinafanana kama watoto wa tumbo moja, kwa kuwa ni kifaa cha kale na hakitaki kuchezewa.

Mama Mavi aliuliza kama kati ya mtu na mtu kuna tofauti. Msomi akasema karibu hakuna. Mama Mavi akawaza kwamba basi yeye na Sindano wamejengwa kwa tofali moja, na habari hiyo haikumfurahisha.

Ndipo msomi alipoifungua bahasha. Maelezo ya kulitengeneza tofali la beta, alisema, yameandikwa kwenye jeni, kama ramani ya fundi, na ramani hiyo ina herufi elfu moja na mia tatu na ushee. Aliwapima minyoo arobaini wa ushirika. Thelathini na saba walikuwa na herufi moja iliyobadilika, moja tu katika zote hizo, na waliirithi kwa baba na kwa mama. Herufi hiyo hubadilisha kona moja ya tofali, mahali palepale ambapo dawa hunata. Kibomba kinajengeka kama kawaida, ila dawa inateleza na kupita.

"Kwa hiyo dawa imewafundisha ujanja."

"Hapana. Wenye herufi hiyo walikuwapo tangu zamani, mmoja huku, mmoja kule. Dawa iliwaua wenzao tu. Waliobaki wakaoana wenyewe kwa wenyewe." Msomi alikunja karatasi. "Na ili wafike thelathini na saba kwa arobaini, mtu lazima alikuwa anawanywesha mbuzi wote, mara nyingi, miaka mingi, mpaka mnyoo wa kawaida akakosa pa kujificha. Hapa wananywesha kila baada ya muda gani?"

Mama Mavi aliinuka. Akaenda kwenye kabati la chuma, akatoa kipeperushi kilichochakaa ambacho kila mfugaji wa eneo lile alikuwa nacho ukutani. Juu palichorwa mbuzi anayetabasamu. Chini paliandikwa: "Dawa ya minyoo kila mwezi, kwa mbuzi wote, wanene kwa wakonde." Hakuna jina la mwandishi, ila muhuri wa ofisi. Lakini mbuzi yule alimchora yeye, miaka kumi na tisa iliyopita, na maneno yale aliyatunga yeye, na alijivunia sana hayo ya wanene kwa wakonde kwa sababu yalikuwa na mdundo.

"Ndivyo sote tulivyofundishwa wakati ule," msomi alimwambia kwa upole.

Ni kweli, lakini haikumsaidia. Watu husema mavi ya kale hayanuki. Waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi maabara.

Msomi alipanda basi, Mama Mavi akabaki na bahasha. Alikaa nayo siku mbili na tuseme wazi alivyowaza siku hizo mbili, maana yeye mwenyewe baadaye hakuficha. Aliwaza kwamba uchunguzi huchukua muda, na hakuna atakayemlaumu kama ripoti itachelewa mwezi mmoja na kufuli ikabaki pale ilipo. Aliwaza pia kwamba anaweza kuandika ukweli mtupu, kwamba dawa ni nzima na minyoo ndio wamebadilika, akaachia hapo, na hakuna atakayekumbuka mbuzi anayetabasamu. Siku ya pili alipita sokoni kununua vitunguu, akamkuta mdogo wake kakaa mbele ya mlango wenye kufuli, anauza mayai ya kuku kwenye ndoo. Mwanamke mmoja alinunua mawili, akauliza kwa sauti ya kusikika kama na hayo yamechanganywa na chokaa. Mdogo wake alirudisha chenji bila kuinua uso.

Mama Mavi alirudi ofisini, akamwambia daktari mkuu aitishe mkutano.

Walikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu alikaa mbele. Sindano alisimama mwisho kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayepima njia ya kukimbilia. Mama Mavi alichukua chaki, akachora kibomba ubaoni, akawaeleza mambo ya matofali. Alieleza vizuri kuliko msomi, kwa kuwa alijua anaongea na watu waliowahi kujenga vyoo. Akawasomea majibu ya mkemia, yote mawili, na ombi la kutotuma tena. Akawaambia dawa ya Sindano ilikuwa nzima tangu mwanzo na kwamba kama kuna mtu alimtukana, yeye mwenyewe akiwemo, amwombe radhi.

Kisha akakitoa kipeperushi.

"Hii mnayo wote ukutani. Niliiandika mimi. Niliwaambia kila mwezi, mbuzi wote, na mkanitii. Tumewaua minyoo wajinga, tukawafuga wale wajanja ndani ya mbuzi wenu."

 Daktari mkuu, ambaye muhuri wake ulikuwa umegongwa chini ya mbuzi anayetabasamu, aligundua jambo la kuvutia sana kwenye dari.

Mwalimu aliivua miwani. "Mbuzi wangu kumi na wawili," alisema. "Mimi sikuruka mwezi hata mmoja. Nilikuwa natia alama kwenye kalenda."

"Najua, Mwalimu."

"Nilikuwa nawasema wengine kwa uvivu."

"Najua. Na wavivu ndio waliokupita. Mbuzi wa mlinzi wetu wa getini wako wazima, kwa sababu alikuwa anasahau."

Kicheko kilitoka mahali fulani nyuma, kikafa haraka. Mzee mmoja aliinuka, akasema amepoteza mbuzi kwa ajili ya kikaratasi, akatoka na hakurudi, wala hajamsalimia Mama Mavi mpaka leo. Mwalimu aliirudisha miwani usoni. Akauliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia wanafunzi kazi ya nyumbani, sasa tufanyeje.

Mama Mavi alikuwa amejiandaa kwa hilo. Wangehamia dawa ya ukoo mwingine, isiyogusa tubulini kabisa. Lakini wasirudie makosa: mbuzi apimwe kwa mizani, na anyweshwe yule tu mwenye kope nyeupe. Mwenye kope nyekundu aachwe na minyoo wake, ili minyoo wa kawaida wapate mahali pa kuishi na kuzaana na wajanja, ujanja upungue. Kuwaambia wafugaji wawaache minyoo wakiwa hai ilikuwa kama kumwambia mama mwenye nyumba aache panya wawili kwa ajili ya mbegu. Walibishana mpaka kengele ya shule ikalia.

Kufuli ilifunguliwa kesho yake. Si wafugaji wote waliomfuata Mama Mavi. Wengine waliendelea kunywesha kila mwezi kwa mazoea, wawili waliuza mbuzi wote wakahamia kuku. Lakini wengi, Mwalimu akiwa wa kwanza, walianza kufunua kope. Mama Mavi alizunguka zizi kwa zizi kuwaonyesha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika miaka yote aliyokaa ndani na kioo chake. Aligundua kwamba mbuzi akiwa na uso ni kiumbe mwingine kabisa. Ulipofika msimu wa mvua uliofuata, ushirika mzima ulipoteza mbuzi wanne, na mmoja wao alimezwa na mto, kwa hiyo huyo hahesabiki.

Sindano alikuja maabara wiki ile kufuli ilipofunguliwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kushukuru."

"Usinishukuru," Mama Mavi alisema. "Nilitaka uwe wewe. Niliomba uwe wewe. Nilituma chupa mara mbili."

Sindano aliitazama sakafu. "Mke wangu aliniambia utatuma mara mbili," alisema. "Nami ningekuwa wewe ningetuma mara tatu."

 Halafu Sindano akauliza kama anaweza kumwona huyo mnyoo mwenye herufi yake. Mama Mavi alimwambia minyoo wenyewe hana, ila mayai yapo, na kwa macho mayai ya wajanja na ya wajinga hayatofautiani. Alimvutia kigoda, akamwekea kioo, akamwonyesha pa kuzungusha ili yaonekane. Sindano aliinama akafumba jicho moja, akalifumba lingine kwa makosa, akarekebisha. Alitazama kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoweza kuvumilia. Kisha, bila kuinua kichwa, akaomba amwekee na kioo kingine.